Bi Sitara wa Gerezani na Blanketi Lenye Alama ya Pasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae kidogo na mtu aliyetutoka.

Kama unatusikiliza ukiwa hapa Dar es Salaam, basi najua ulivyo. Umekaa mbele ya feni, vifungo vya shati umevifungua mpaka tumboni, na ukisikia neno blanketi mkono unaenda wenyewe kuzima redio. Usizime. Leo habari ni ya blanketi, na joto lako tumeliona.

Tunamkumbuka Bi Sitara binti Bushiri. Bi Sitara, mshona mifarishi wa Gerezani. Alifariki nyumbani kwake, hapo hapo Gerezani, akazikwa Kisutu siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Wiki hii imesomwa arobaini yake.

Wapo vijana watakaouliza, mfarishi ndiyo nini? Mfarishi ni ile shuka nene ya viraka. Juu viraka, chini kitambaa kimoja kipana, katikati kumetiwa kitu cha kuleta joto, halafu vyote vitatu vinashonwa pamoja kwa mkono mpaka vinakuwa kitu kimoja. Vijana wanaita duveti. Bi Sitara akisikia duveti alikuwa anauliza, "Hilo ni jina la mtu au la ugonjwa?"

Sasa, hicho kitu cha katikati ndicho kilichomfanya Bi Sitara awe Bi Sitara. Wengine hutia sufi, na sufi ikilowa inakimbilia kona moja kama wageni wanaogombea feni. Wengine hutia pamba. Wengine, Mungu awasamehe, hutia sponji ya makochi iliyokatwakatwa. Bi Sitara alitia blanketi kuukuu. Blanketi kuukuu la mtumba, la sokoni Mchikichini, lililokwisha kutumiwa na watu asiowajua.

Alikuwa anafika Mchikichini asubuhi, robota linapokatwa kamba. Wenzake wanagombania magauni na jinzi. Yeye anasimama pembeni, amekunja mikono, anangoja. Mablanketi yaliyopauka, yaliyotoboka, yaliyokatika pindo, yale ambayo muuzaji mwenyewe anayasukuma kwa mguu, ndiyo yake hayo. Siku moja muuzaji alimhurumia.

"Bibi, chukua hili basi. Jipya kabisa, halijafuliwa hata mara moja."

"Halijafuliwa?" Bi Sitara akalishika, akalirudisha. "Basi libaki na wewe mpaka lipate akili."

Na alikuwa na sababu. Blanketi jipya ukilishonea ndani, siku ya kwanza ya kufuliwa linajikunja. Likijikunja linavuta viraka vyote vya juu, na mfarishi mzima unafinyana kama uso wa mtu aliyeng'ata ndimu. Kuukuu limeshafuliwa likafuliwa. Limeshajikunja likamaliza. Halina tena la kukushtua. Tupo na binadamu wa namna hiyo mjini hapa, lakini tuendelee.

Utauliza, nani ananunua mfarishi katika mji ambao hata paka analala chali? Wanunuzi walikuwa watu wa nyanda za juu. Wafanyabiashara wanaoteremka Kariakoo kufuata mzigo, kutoka Makete, kutoka Njombe, huko ambako mtu anaoga mchana kwa mbinu. Walikuwa wakishamaliza kununua ndoo na viatu vya plastiki mtaa wa Kongo, wanavuka mpaka Gerezani kwa Bi Sitara. Pale walikuwa wanapata mfarishi na wanapata kutaniwa, na vyote viwili walivifuata.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Sitara alikuwa na mume. Aliitwa Idrisa Humoud. Idrisa alikuwa gadi wa treni ya Kigoma. Anakwenda na treni, anarudi na treni, na katikati yake Bi Sitara anashona. Hawakujaaliwa mtoto. Walijaaliwa kuagana. Maisha yao yote yalikuwa kuagana na kupokeana.

Safarini Idrisa alijifunika blanketi lake moja, la kijivu, lenye mstari mwekundu upande wa miguuni. Akiwa nyumbani, blanketi hilo hilo lilikuwa meza ya pasi. Analikunja mara nne, analiweka juu ya sanduku, ananyoosha suruali yake ya kazi juu yake. Pasi ya mkaa. Alikuwa mtu wa mkunjo mmoja kwenye suruali, umesimama, unaweza kukukata.

Na Bi Sitara alikuwa na tabia yake. Kila safari ilipokaribia, alikuwa anaficha kitu. Leo mkanda, kesho kofia. Hamzuii kwenda, kazi ni kazi. Ila apate kuchelewa kidogo. Apate kuzunguka chumbani kidogo, akiuliza, "Sitara, kofia yangu iko wapi?" Naye ajibu, "Nitajuaje, mimi gadi?"

Siku moja alificha kiatu. Kiatu kimoja, cha kushoto. Alikiweka ndani ya sufuria ya pilau, juu ya kabati, akafunika. Idrisa katikati ya kunyoosha suruali akakumbuka kiatu, akageuka kukitafuta, pasi akaiacha imekaa juu ya blanketi. Akachungulia chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Bi Sitara anacheka amejiziba mdomo kwa kanga. Walipokuja kusikia harufu, moshi ulikuwa umejaa chumba. Pasi ilikuwa imekula blanketi. Ikaacha alama yake, kahawia, pua ya pasi imejichora sawasawa.

"Umeona ulichofanya?" Idrisa akasema.

"Nimefanya mimi? Pasi nimeshika mimi?"

"Kiatu, Sitara."

Akampa kiatu. Idrisa akavaa, akakimbia na suruali yenye mkunjo mguu mmoja, mguu wa pili bado. Treni haikumwacha. Blanketi likaenda Kigoma likarudi, na alama yake.

Shikeni alama hiyo, wasikilizaji. Blanketi la kijivu, mstari mwekundu, alama ya pua ya pasi. Tutaihitaji.

Idrisa alirudi kutoka safari moja na homa. Hiyo ilikuwa zamani kidogo, kabla mabasi ya mwendokasi hayajapita Gerezani. Alilala nalo blanketi lake, akasema anasikia baridi, katika Dar es Salaam hii, na Bi Sitara akajua. Idrisa hakuamka tena.

Mnajua desturi. Mjane anakaa eda. Hatoki nje ovyo, hajipambi, ametulia nyumbani kwake. Na mnajua desturi nyingine. Vitu vya marehemu havikai kabatini kuliwa na nondo, vinatolewa sadaka, vimfae aliye hai na thawabu zimfikie aliyekwenda. Ndugu walikuja kwa wema wao. Wakachukua mashati, wakachukua suruali zile za mkunjo, wakachukua viatu vyote viwili. Bi Sitara alitoa kila kitu kwa mkono wake. Kila kitu, ila blanketi.

Blanketi alilificha. Alishazoea kuficha, huyu. Na alilificha mahali ambapo alijua hakuna mtu hata mmoja atakayelitafuta. Pembeni ya chumba palikuwa na rundo la mablanketi ya kazi, yale ya Mchikichini, yameshafuliwa, yamekunjwa, yanangoja kushonewa ndani. Akalikunja la Idrisa, akalichomeka katikati ya rundo. Kuukuu katikati ya makuukuu. Nani atajua?

Hapo ndipo anapoingia Bi Fakhriya.

Bi Fakhriya Humoud ni dada yake Idrisa. Kwa hiyo Bi Sitara na Bi Fakhriya ni mawifi. Tulimkuta nyumbani kwake Mchafukoge, ghorofa ya tatu, anamenya machungwa. Ngazi zile tulizipanda kwa dua. Alitutazama tunavyohema, akasema, "Redio ina watu wazito hivi? Kaeni, kuleni chungwa."

Wakati wa eda, Bi Fakhriya ndiye aliyeshika kazi ya wifi yake. Kulikuwa na mzigo wa mtu, umeshaahidiwa. Mzigo wa Mzee Polycarp, mfanyabiashara wa Makete, mteja wa miaka. Mifarishi yote ya mzigo ule ilikuwa na sura moja, viraka vya njano na buluu, mabaki ya fundi mmoja wa Kariakoo aliyeshona sare za harusi. Ukiitazama kwa nje, yote ni pacha. Tofauti iko ndani tu.

Bi Fakhriya alikuwa anafika asubuhi, mjane bado yuko uani. Anatandika kitambaa cha chini sakafuni, anachukua blanketi kwenye rundo, anatandaza, anafunika na viraka, halafu anapiga bandi, yaani anavishikiza vyote vitatu kwa uzi mrefu visihame. Kisha anamwekea Bi Sitara magotini ashone. Mjane anashona, mikono ina kazi, mawazo yanapata pa kukaa.

"Nililiona la kijivu," alituambia Bi Fakhriya. "Niliiona na alama ya pasi. Nikasema, haya, mzungu gani huyu kaunguza blanketi. Nikageuza alama ikae chini, nikafunika na viraka. Sikujua. Kaka yangu alikuwa analala kwake, mimi nalala kwangu. Blanketi lake ningelijulia wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, tulirudie hili taratibu, kwa sababu ndilo lenyewe. Bi Sitara alificha blanketi la mumewe ili lisitolewe. Hakumwambia mtu. Wifi yake akalichukua kwenye rundo, akalitia ndani ya mfarishi, akaufunika. Na mfarishi ule akaja kuushona nani? Bi Sitara mwenyewe.

Aliushona wiki na wiki. Alikuwa ameulaza mapajani, mkono mmoja juu, mkono mmoja chini, sindano inapita katikati. Bi Fakhriya anakumbuka kwamba mfarishi ule hakutaka kuumaliza. Mingine aliimaliza upesi. Ule kila siku anaurudia, anaongeza mshono pale pasipohitaji mshono. Mchana joto limepamba moto, yeye kauvuta mpaka kifuani.

"Wifi, utaiva," Bi Fakhriya akamwambia.

"Niache. Huu umenikubali."

Mzee Polycarp alifika kabla eda haijaisha. Hakuingia, alitoa pole mlangoni, kofia mkononi. Bi Fakhriya akamkabidhi mzigo wake, na wa mwisho kabisa aliuchukua mapajani kwa wifi yake. Bi Sitara aliushika pindo kidogo. Kisha akauachia.

Eda ikaisha. Bi Sitara akaoga, akavaa, na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kufungua dirisha, alikwenda kwenye rundo.

"Wifi, la kijivu liko wapi?"

"Lipi? Ya kijivu yalikuwa mengi."

"Lenye alama ya pasi."

"Ah, lile! Si nimelitia kwenye mzigo wa Polycarp? Ule uliokuwa umeukumbatia kama mtoto."

Bi Fakhriya anasema wifi yake hakulia. Alicheka. Akacheka kidogo, akaangalia mapaja yake, akaketi pale pale chini. Ndipo akamwambia lilikuwa la nani. Na hapo aliyelia akawa Bi Fakhriya.

Mzee Polycarp aliporudi Kariakoo, Bi Sitara alimuuliza. Akajibu alichokijua. "Mama, yote imeondoka. Watu wa kule mfarishi hawauangalii mara mbili." Alisema kweli yake. Mtu hahesabu katika mali ya biashara kile anachojifunika mwenyewe.

Basi Bi Sitara angefanya nini? Apande Makete agonge mlango mmoja mmoja, aseme samahani, naomba kufumua kitanda chako? Alikaa akafikiri. Kisha akaanza kumwambia kila mteja wa nyanda za juu neno hili. Mfarishi wowote uliotoka mkononi mwangu, ukichakaa, uleteni. Nautengeneza bure.

Bure! Kariakoo! Wasikilizaji, hapa mjini hata salamu ina bei. Majirani walisema Bi Sitara ana moyo. Wengine wakasema ana mashine ya kichawi. Wafanyabiashara wenzake wakasema ana mbinu, anavuta wateja. Na kweli wateja walivutika. Mifarishi ilianza kuteremka kutoka milimani kama watoto wanaorudi likizo. Huu umechanika, huu umeungua, ule umelowa. Kila uliofika, Bi Sitara alifanya jambo moja kabla ya yote. Anachukua wembe, anafumua kona moja, anachungulia. Kisha anafumba kona, na kazi inaanza.

La buluu. La kahawia. La mistari. La kijivu, anafumua zaidi, halina mstari mwekundu. Akafumba kona.

Hivyo miaka ikaenda. Mwendokasi ukaja ukapita mlangoni. Treni mpya ikaja, inayokwenda kasi, isiyo na gadi wa kutafuta kofia. Bi Sitara akazeeka, miwani ikawa minene, vidole vikapinda. Watoto wa mtaani wanampitia, "Bibi, shikamoo, bado unashona makoti ya vitanda?" Naye, "Marahaba. Njoo nikushonee mdomo." Mtu akimwona anacheka hivyo, angejuaje kwamba kila kona aliyoifumua ni mlango aliougonga?

Mzee Polycarp aliacha kuja. Siku moja akaja mwanamke wa makamo, sweta mkononi, jasho linamtiririka, na furushi mgongoni. Alijitambulisha kwamba anaitwa Severa. Severa, binti yake Polycarp.

"Shikamoo bibi. Nimeambiwa hapa mnatengeneza."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza, usije ukayeyuka. Baba hajambo?"

"Baba alifariki, bibi. Wakati wa baridi."

Bi Sitara akampa pole, pole ya kweli, akamletea maji. Severa akafungua furushi. Mfarishi wa viraka vya njano na buluu, umepauka mpaka njano imekuwa kama chai ya maziwa. Pindo limekatika upande mmoja.

"Huu ndio aliokuwa anajifunika. Alisema huu hauuzwi. Mingine yote aliuza, huu akasema aliyeushona hakuwa na haraka." Severa akaushika. "Naomba pindo tu, bibi. Na ukiweza, usiuoshe. Bado ananukia humu."

Bi Sitara akachukua wembe, kama siku zote. Akafumua kona. La kijivu. Akafumua zaidi kidogo, kidole kikaingia. Mstari mwekundu.

Bi Fakhriya alikuwepo. Anasema wifi yake aliinua macho akamtazama. Akamwambia Severa, sauti yake ile ile, "Nenda kafanye manunuzi yako, mama. Ukimaliza mzigo, pitia."

Severa alipotoka tu, Bi Fakhriya alikwenda kufunga mlango.

"Badilisha," akasema. "Wifi, badilisha. La kijivu lingine lipo pale. Nani anaona ndani?"

Na Bi Sitara alikubali. Tusimpambe marehemu, alikubali. Alichagua la kijivu lingine, akalikata kwa kipimo, akaliweka tayari. Akafumua mfarishi upande mmoja, wa pili, wa tatu, uzi wake mwenyewe wa miaka ile, mishono yote ile ya ziada. Akafunua. Likatokea blanketi la Idrisa, limelala. Akaligeuza, alama ya pua ya pasi iko palepale.

Akaingiza kidole kwenye alama. Akainama, akaweka uso wake pale, akavuta pumzi.

Akakaa hivyo. Akavuta tena. Akahamia upande wa kichwani, akavuta. Upande wa miguuni. Bi Fakhriya amesimama anangoja.

"Vipi?"

"Moshi wa kuni," Bi Sitara akasema. "Na tumbaku. Na kitu kama mvua." Akainua uso. "Siyo yeye, wifi."

"Alama si hiyo?"

"Alama ipo. Mwenyewe hayupo. Kahama. Huyu ni Polycarp."

Bi Fakhriya alijaribu. Akamwambia chukua tu, ni haki yako, ni la mumeo. Bi Sitara akatikisa kichwa. Alisema maneno ambayo wifi yake ameyashika mpaka leo, na ametuomba tuyaseme kama yalivyo.

"Mimi nimemtafuta humu sikumkuta. Yule mtoto babake bado yumo. Nimnyang'anye wake anayepatikana, kwa sababu wangu hapatikani?"

Na akaongeza, maana hakuweza kukaa bila utani hata pale, "Halafu nitamwambia nini? Kwamba miaka yote babake alikuwa anajifunika mume wangu?"

Wakacheka. Mawifi wawili, mlango umefungwa, wanacheka huku machozi yanashuka. Kisha Bi Sitara akatunga uzi. Akalifunika blanketi, akashona upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, taratibu, mishono myembamba. Akatengeneza pindo. Hakuuosha. Severa aliporudi, akapewa mfarishi wake umekunjwa. Akauliza ni kiasi gani. Akaambiwa hapa ni bure, nenda salama. Bi Sitara alisimama mlangoni mpaka furushi likapotea katikati ya watu.

Mtu anaweza kudhani hapo alipumzika. Hapana. Mifarishi ikiletwa, bado alikuwa anachukua wembe na kufumua kona. Bi Fakhriya akamuuliza, "Sasa unatafuta nini? Si umeshapata?"

"Nimezoea kufungua," akajibu.

Hiyo ndiyo hamu, wasikilizaji wapendwa. Inabaki mkononi hata kitu kikishapatikana.

Bi Sitara alifariki mwezi uliopita, mchana, amekaa kitini, kazi mapajani. Bi Sitara binti Bushiri, mshona mifarishi wa Gerezani. Ndugu wakaja kwa wema wao. Wakagawa vitu vyake sadaka, kanga zake, baibui lake, cherehani lake la kuungia viraka likapelekwa kwa fundi kijana aliyekuwa hana. Alikuwa na blanketi lake la mwisho, la waridi, la Mchikichini, alilokuwa anajifunika miguu tu kwa sababu ya joto letu hili.

"Hilo," Bi Fakhriya akatuambia, na akaacha kumenya chungwa, "nililificha."

Tukamuuliza, wapi?

"Wapi tena? Kwenye rundo."

Siku chache baadaye Severa akateremka Kariakoo kuchukua mzigo. Alipitia Gerezani na gunia dogo la viazi, zawadi ya bibi. Akakuta msiba. Akalia kama mtoto wa nyumba. Na katika mazungumzo akasema kwamba kwao Makete yeye na mama yake wanavutana kila siku ule mfarishi wa baba, huku unavutwa, kule unavutwa, na kwamba alikuja na nia ya kuagiza wa pili.

Bi Fakhriya hakuwa ameshika sindano siku nyingi. Vidole vinamuuma. Akamwambia Severa, "Nitakushonea mimi." Akatandika kitambaa cha chini sakafuni. Akaenda kwenye rundo. Akachukua blanketi la waridi. Akalitandaza, akafunika na viraka, akapiga bandi, akashona. Severa ameshaondoka nao. Uko Makete sasa. Nyumba moja na ule wa viraka vya njano na buluu.

Tulimuuliza Bi Fakhriya kama alimwambia Severa. Akasema hapana. Tukamuuliza kama tunaweza kulisema hewani. Akatazama dirishani, chini kule magari yanapigiana honi, akasema, "Semeni. Redio inafika kule. Mwambieni Severa, mara ya kwanza nilikosea. Safari hii sikukosea."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa mkono wa pole kwa Bi Fakhriya Humoud wa Mchafukoge, kwa ukoo wote wa Bushiri, kwa majirani wa Gerezani, na kwa wauzaji wa Mchikichini ambao sasa yale makuukuu wanayasukuma kwa mguu na hakuna anayeyaokota. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Sitara, amrehemu na Idrisa wake. Pole pia kwa nyumba ya Mzee Polycarp, msiba wao tuliuchelewea.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Pale ulipo sasa kuna kitu kilichochakaa unachokitumia kila siku bila kukitazama. Kiti, kikombe, shuka. Kabla hujakitupa, muulize aliye karibu nawe kilikuwa cha nani. Muulize angali yupo wa kukujibu.

Tunafunga kwa ujumbe mmoja, na tutausema mara mbili, usikike hata pale betri ilipochoka.

Dada Severa wa Makete, mifarishi yako usiifumue. Ila baridi ikizidi, msivutane. Itandikeni yote miwili kitanda kimoja.

Dada Severa, yote miwili, kitanda kimoja.